Majigambo ya South C Kufika Kimulot: Nyimbo za E-Sir katika Darasa la Fasihi Simulizi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiombwa kutaja mfano wa majigambo, aghalabu huanza na Fumo Liyongo na kumalizia na Wahima wa Uganda, kama alivyosoma katika kitabu cha kiada. Jibu hilo halina kosa, na mtahini hatamnyima alama. Hata hivyo, linadhihirisha jambo ambalo walimu wa fasihi simulizi tumelinung'unikia kwa muda mrefu: mwanafunzi anaiona fasihi hii kuwa mali ya watu wa mbali au wa kale, kitu cha kukariri kwa ajili ya Karatasi ya Tatu na kusahau mara mtihani unapokwisha. Ilhali mwanafunzi huyo huyo, akiwa njiani kutoka shuleni kwenda kwao, anaghani majigambo toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno, wala hajui kwamba ndivyo anavyofanya.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya nyimbo zilizopendwa zaidi za msanii mmoja wa hip-hop, au muziki wa kufoka kama baadhi yetu tulivyozoea kuuita. Msanii mwenyewe ni Issah Mmari, aliyejulikana na wengi kwa jina la E-Sir. Hakuwa mwenyeji wa huku kwetu kwenye chai. Alikuwa kijana wa mtaa wa South C, Nairobi. Tunamchagua kwa sababu nyimbo zake ziliposhika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliwafikia pia wanafunzi wa Kimulot, na zikawafikia kwa Kiswahili. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ili kulielewa ni lazima kwanza tuangalie Kiswahili kilikuwa nini katika vilima hivi kabla ya hapo.

Kimulot iko Konoin, ambayo tangu mwaka 2013 ni sehemu ya Kaunti ya Bomet, katika ukanda wa chai unaotokea Kericho na kukomea kwenye msitu wa Mau. Lugha ya nyumbani ni Kipsigis. Kiswahili kilisambaa hapa kwa nguvu mbili. Nguvu ya kwanza ni mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, ambayo yaliwavuta wafanyakazi kutoka Nyanza, Magharibi na Kisii. Mluo, Mgusii, Mluhya na Mkipsigis walipokutana penye mizani ya kupimia majani, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha amri, cha hesabu ya kilo na cha ujira. Baada ya mwaka 1964, mamlaka ya ustawishaji wa chai ilipoundwa na wakulima wadogo wakapanda chai zao wenyewe, mizani ikahamia vijijini, na Kiswahili cha mizani kikahamia nayo. Nguvu ya pili ni shule. Shuleni Kiswahili kikawa somo la lazima kutahiniwa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, na tangu hapo mtoto wa Kimulot amekijua kama lugha ya kupata au kukosa alama.

Kiswahili cha kujifurahisha, yaani kile ambacho mtu hukitumia bila kulazimishwa na msimamizi wala mwalimu, kilikuwa kidogo. Kilikuwako, hatukatai. Redio ilileta nyimbo za Daudi Kabaka na Fadhili William, na wazee wengi wa huku wanazijua hadi leo. Lakini hizo zilikuwa nyimbo za wazazi. Kijana aliyezaliwa katika miaka ya 1980 hakuwa na wimbo wa Kiswahili ambao angeweza kusema ni wa rika lake, mpaka hip-hop ilipoanza kufoka kwa lugha hiyo.

Kabla ya kufika huko, yafaa tukumbuke kwamba nyimbo za kutoka mbali hazikuanza jana kuingia katika nchi ya Wakipsigis. Mnamo mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita huku na vyombo vyake vya kunasia sauti, akarekodi nyimbo kadhaa za Wakipsigis zenye jina la "Chemirocha". Iliyopata sifa kubwa kuliko zote iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake pale Kapkatet, ambapo si mbali na Kimulot. Jina hilo la Chemirocha ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika Kenya. Wasichana wale walilisikia jina, wakalipa umbo la Kipsigis kwa kiambishi chao cha "che", wakamfanya mwenye jina kuwa kiumbe wa ajabu. Tracey aliandika kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni nusu mtu, nusu paa. Gitaa la Mmarekani likageuka kuwa chepkong, kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis.

Ninawapa wanafunzi kisa hiki kila mwaka kwa sababu kinavunja dhana mbili potovu kwa mkupuo mmoja. Dhana ya kwanza ni kwamba fasihi simulizi haibadiliki. Ya pili ni kwamba chombo cha kisasa kinapoingia, fasihi simulizi hufa. Santuri iliingia, na kilichozaliwa kilikuwa wimbo mpya wa Kipsigis. Katika miaka ya 2010 watafiti walizirudisha rekodi zile Kapkatet, zikasikilizwa na wenyeji zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa. Kwa hivyo mwalimu asemapo kwamba fasihi simulizi huhifadhiwa akilini na pia katika kanda, ana mfano wa nyumbani. Hana haja ya kuutafuta kwingine.

Sasa tuirudie hip-hop. Wanahistoria wa muziki huanzia mtaa wa Bronx, New York, mwaka 1973, kwenye dansi zilizoandaliwa na DJ Kool Herc, kijana mwenye asili ya Jamaika. Afrika Mashariki sanaa hii ilianza kwa kuigwa kwa Kiingereza. Mtanzania Saleh Jabri alipogeuza wimbo wa Kimarekani kuwa wa Kiswahili mwaka 1991, watu waligundua kwamba lugha yetu inaweza kufoka. Kenya ilisubiri kidogo. Mwaka 1997 kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilitoa "Tafsiri Hii", na hapo ndipo wengi huweka mwanzo wa hip-hop ya Kenya kwa Kiswahili. Kalamashaka walikuwa wakali. Walizungumzia njaa, polisi na takataka za Dandora, na Kiswahili chao kilikuwa kizito kwa Sheng.

Kisha ikaja studio ya Ogopa DJs, iliyoleta midundo myepesi ya kuchezeka. Wapo walioibeza wakiiita kapuka, wakidai ni muziki wa starehe usio na ujumbe. Humo ndimo alimotokea E-Sir. Muda wake ulikuwa mfupi mno: kama miaka miwili hivi ya kujulikana, na albamu moja tu, "Nimefika", ya mwaka 2003. Nyimbo zilizomvumisha zinahesabika kwa vidole: "Leo ni Leo", "Hamnitishi", "Mos Mos" aliyoimba pamoja na Brenda, "Boomba Train" aliyoimba pamoja na Nameless, na "Nimefika" yenyewe. Katika kipindi hicho hicho "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji iliimbwa katika kila mkutano wa kampeni za uchaguzi wa Desemba 2002. Lakini "Unbwogable" ilichanganya Kijaluo na Kiingereza. Nyimbo za E-Sir zilikuwa na kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili angeweza kukichukua moja kwa moja hadi ubaoni.

Tuanze na "Hamnitishi", kwa kuwa ndio wimbo wenye manufaa makubwa zaidi kwa mwalimu. Kichwa chenyewe ni sentensi kamili katika neno moja. Kuna kikanushi "ha", kiambishi cha nafsi ya pili wingi "m", kitendwa cha nafsi ya kwanza umoja "ni", mzizi "tish" na kiishio "i" cha ukanushi wa wakati uliopo. Mwanafunzi anayeshindwa kuchanganua "hatukuwapigia" mtihanini huweza kulichanganua neno hili bila jasho, kwa sababu analijua kabla ya kulichanganua. Anajua kwa masikio nani anatisha na nani hatishiki. Mwalimu anachofanya ni kumpa majina ya vitu alivyo navyo tayari.

Hata hivyo faida ya sarufi ni ndogo ikilinganishwa na ya utanzu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika, aliuweka ushairi simulizi katika mafungu mawili: nyimbo, ambazo huimbwa, na maghani, ambayo hutolewa kwa kalima, yaani sauti iliyo baina ya kuongea na kuimba. Ndani ya maghani mna sifo, na ndani ya sifo mna vivugo, au majigambo, ambapo mtu hujisifu mwenyewe. Mwenzangu, hebu usikilize wimbo wowote wa hip-hop ukiwa na mgawanyo huu akilini. Beti hazimo katika nyimbo kwa maana kamili, zinaghanwa. Kiitikio ndicho kinachoimbwa. Basi tunacho hapa kipera chenye mwili wa ghani na mkia wa wimbo. Walioandika vitabu vya kiada hawajakipatia kibweta chake, na wengi hukitupa tu katika "nyimbo za kisasa" pamoja na nyimbo za dansi na za injili. Kwa maoni yangu huo ni uvivu wa uainishaji.

Sifa za majigambo zinatimizwa karibu zote. Nafsineni hujitaja kwa nafsi ya kwanza. Anao wapinzani anaowasemesha ana kwa ana, ndiyo maana ya "m" katika "hamnitishi". Anatumia chuku. Liyongo alijisifia upinde na mkuki. Mhima hujisifia ng'ombe na vita. E-Sir anajisifia ulimi. Silaha ya mtunzi wa kufoka ni kuyapanga maneno kwa kasi ambayo mwingine hawezi kuifikia. Kipaza sauti kimeshika nafasi ya fimbo au mkuki ambao mwenye kivugo huubeba anapotamba.

Ipo tofauti moja ambayo mtahiniwa mwangalifu anapaswa kuitaja. Kivugo cha jadi kwa kawaida hutungwa baada ya tendo: mtu amekwenda vitani, ameua simba, amerudi na ng'ombe, ndipo anapojisifu. Majigambo ya hip-hop ndiyo tendo lenyewe. Msanii hana vita alivyotoka kupigana. Anapigana kwa kughani. Tukitaka mfano wa karibu zaidi ndani ya Kiswahili, tusiende kwa Liyongo bali kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa na enzi za uhasama wa Mombasa na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati shairi lilipotumwa ng'ambo ya pili kama kombora na jibu likasubiriwa. Malumbano yale yalikuwa vita vya maneno vyenye hadhira pande zote mbili. Kijana wa South C, awe alijua asijue, alikuwa akisimama katika safu hiyo.

"Nimefika" nao ni wa aina hiyo hiyo, ila umetulia. Hapa fikra yote imebebwa na kiambishi "me" cha hali timilifu. Hakusema "ninafika" wala "nitafika". Kufika kumekwisha kutendeka na matokeo yake yapo mbele yetu. Tunapowafunza wanafunzi tofauti baina ya "li" na "me" huwa tunahangaika na mifano mikavu ya mtoto aliyekula ugali. Huu hapa mfano ambao tofauti hiyo ndiyo maana nzima ya wimbo: ukiita albamu "Nilifika", umeiua.

Katika "Leo ni Leo" tunakutana na kitu kingine, matumizi ya methali. Kila Mswahili anajua inavyoendelea: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Methali hii kwa asili humhimiza mtu asiahirishe jambo. Msanii ameikata katikati na kumwachia msikilizaji nusu ya pili aimalizie moyoni, jinsi mtega kitendawili anavyomwachia mteguaji. Kisha ameihamisha kutoka kwenye bidii hadi kwenye starehe. Kisichoahirishwa hapa ni raha ya vijana wanaotoka pamoja. Wapo walimu watakaokereka, na sababu wanayo. Lakini kumbuka kwamba uhamishaji wa muktadha ni mojawapo ya sifa ambazo sisi wenyewe huwafunza wanafunzi kuhusu methali: maana hutegemea anayeitumia na pahali anapoitumia. Ni swali zuri la insha kumtaka mwanafunzi atunge kisa kinachoirudisha methali hiyo kwenye maana yake ya kwanza.

"Mos Mos" ni Sheng ya "polepole". Ni wimbo wa mapenzi, na ubora wake kifasihi umo katika kuwepo kwa sauti mbili, ya kiume na ya kike. Nyimbo nyingi za kufoka za wakati ule zilimsemea mwanamke. Alitajwa, alisifiwa umbo, hakufungua kinywa. Sidai kwamba E-Sir alikuwa mtetezi wa wanawake, kwa kuwa yapo mengi katika kazi yake yanayostahili kukosolewa kwa jicho hilo. Ninasema tu kwamba darasa lenye wasichana husikiliza wimbo huu kwa namna tofauti, na mjadala unaofuata huwa na uhai kuliko ule wa swali la "jadili nafasi ya mwanamke" tuliolizoea. Kuhusu "Boomba Train" sina mengi. Ni wimbo wa kucheza, na uzuri wake umo zaidi katika mdundo na katika jinsi sauti za E-Sir na Nameless zinavyopokezana.

Suala la arudhi linahitaji nafasi yake. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe "Kichomi" mwaka 1974, tumebishana kuhusu vina na mizani mpaka koo zikakauka. Hip-hop inauingilia ugomvi huu kutoka upande usiotarajiwa. Kwa upande wa vina inasimama na wanamapokeo, tena inawapita: bila vina hakuna ubeti, na mtunzi hodari haridhiki na silabi moja ya mwisho bali huoanisha silabi mbili au tatu, tena katikati ya mshororo. Kwa upande wa mizani inasimama kwingine kabisa. Mshororo hauhesabiwi silabi nane kwa nane, unapimwa kwa mapigo manne ya ngoma. Ndani ya mapigo hayo manne mtunzi anaweza kutia silabi kumi au ishirini, mradi atue pale pigo linapotua. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba tungo hizi hazina mizani. Zina mizani ya muda badala ya mizani ya silabi. Mwanafunzi akilielewa hili anaelewa pia kwa nini shairi la tarbia linapoimbwa katika taarabu husikika tofauti na linaposomwa kitabuni: mwimbaji huivuta silabi moja na kuibana nyingine ili zilingane na ala.

Sasa tuje kwenye lawama. Lawama kuu iliyotolewa katika vyumba vya walimu wa nchi hii katika miaka ile ni kwamba nyimbo hizi zinaharibu Kiswahili. Wakati huo huo silabasi iliyorekebishwa, iliyoanza kufunzwa mwaka 2003 na kutahiniwa kuanzia mwaka 2006, ilileta isimujamii katika Karatasi ya Pili, na ghafla walimu wale wale waliokuwa wakiwachapa wanafunzi kwa kusema Sheng wakawa wanaifundisha kama mada. Kejeli hiyo haikutupita.

Nionavyo mimi, lawama ile ilikuwa na ukweli nusu. Ni kweli kwamba insha za miaka ile zilianza kuvamiwa na maneno kama "dame" na "poa" pasipo alama za mtajo. Ni kweli pia kwamba mwanafunzi aliyejibu swali la fasihi kwa lugha ya matatu alijichimbia kaburi, na angali anajichimbia. Hapo sina huruma. Lakini lawama ilidhani kwamba kabla ya hip-hop mtoto alikuwa na Kiswahili sanifu kikaharibiwa. Hilo linaweza kuwa kweli kuhusu Mombasa au hata South C. Huku kwetu hapakuwa na cha kuharibu. Palikuwa na Kipsigis nyumbani, Kiingereza kwa masomo mengine yote, na Kiswahili kwa vipindi vichache kwa wiki. Nyimbo hizi ziliongeza saa za Kiswahili katika siku ya mtoto, tena bila mwalimu kuwepo.

Tena E-Sir hakuwa wa Sheng nzito. Ukimlinganisha na Kalamashaka waliomtangulia au na Nonini na Jua Cali waliovuma baada yake kwa mtindo wa genge, Kiswahili chake kinaeleweka na msikilizaji ambaye hajawahi kufika Nairobi. Viambishi vya upatanisho vipo mahali pake, vitenzi vinanyambuliwa ipasavyo, na Sheng inaingizwa kama kiungo, kwa kipimo. Hii ndiyo sababu, nadhani, nyimbo zake zilishika vijijini haraka kuliko za wengi. Wimbo wa Sheng tupu ulikuwa fumbo kwa kijana wa Kimulot; wa E-Sir aliuelewa kwa kiasi kikubwa, na kile kidogo asichokielewa kikawa sababu ya kuuliza.

Lipo pia jambo la matamshi, ambalo wanaofundisha katika maeneo ya Wakalenjin watalielewa upesi. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi /p/ na /b/, /t/ na /d/, wala /k/ na /g/ kwa namna Kiswahili kinavyofanya. Ndiyo maana tunasahihisha "kari" kwa "gari" na "tata" kwa "dada" mwaka nenda mwaka rudi, na makosa ya ulimi huteremka hadi kwenye tahajia. Mazoezi ya vitabuni ya "pata, bata" huwachosha wanafunzi. Kughani beti kwa kasi huku ukilazimika kutua penye kina ni zoezi la matamshi lenye adhabu ya papo hapo: ukikosea sauti, kina kinavunjika na wenzako wanacheka. Nimewaona wanafunzi wakirekebishana wenyewe, kwa ukali kuliko ambavyo ningethubutu. Sisemi kwamba E-Sir alitutatulia tatizo la athari za lugha ya kwanza. Nasema tulipewa zoezi, na wengi wetu tulilifungia nje ya lango pamoja na redio zilizopigwa marufuku bwenini.

Ulinganisho na Tanzania una mafunzo yake. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", wimbo wa kejeli unaomwigiza mwanasiasa akiahidi makubwa huku umma ukimwitikia. Walimu wa Kenya niliowahi kuzungumza nao waliupokea wimbo huo bila shida. Waliona ndani yake tamthilia, tashtiti na ujumbe wa kisiasa. Professor Jay mwenyewe baadaye alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, jambo ambalo wanafunzi hulifurahia sana. Swali ni je, mbona "Ndio Mzee" ulionekana fasihi na "Hamnitishi" ukaonekana kelele? Jibu langu ni kwamba tumezoea kuipima kazi kwa maudhui pekee. Kazi isiyokemea ufisadi tunaiona tupu. Lakini tondozi la kusifu ng'ombe halikemei ufisadi, wala bembelezi, wala wimbo wa jando, na hakuna anayezifukuza darasani. Mchezo wa lugha ni dhima mojawapo ya fasihi simulizi, na imeandikwa hivyo katika vitabu vyetu wenyewe.

E-Sir alifariki tarehe 16 Machi 2003 katika ajali ya barabarani karibu na Nakuru, akirejea Nairobi kutoka kwenye onyesho la kuitangaza albamu yake. Nameless, waliyekuwa pamoja, alinusurika. E-Sir alikuwa na umri wa miaka 21, akikaribia kutimiza 22. Barabara ile ni hiyo hiyo wanayopita watu wa huku kwetu waendapo Nairobi, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kifo hicho kuguswa na wengi hapa kama msiba wa karibu.

Kifo kile kilifanya jambo moja kwa matini zake ambalo lina maana kwetu sisi tunaofunza fasihi. Fanani aliye hai hubadilisha kazi yake kila anapoitenda; huongeza, hupunguza, hutania hadhira ya siku hiyo. Hilo ndilo tunaloliita utendaji, na ndilo linaloitenga fasihi simulizi na andishi. E-Sir alikatizwa kabla ya kupata nafasi ya kuzibadilisha nyimbo zake. Zilizobaki ni zile zilizonaswa studio, na kuanzia Machi 2003 zikawa na umbo moja tu, kama shairi lililochapishwa. Wanafunzi waliozikariri walizikariri jinsi mtu anavyokariri kitabu. Mahali pekee zilipoendelea kubadilika ni vinywani mwao, pale walipopachika majina ya shule zao, walimu wao na vituo vyao vya chai badala ya mitaa ya Nairobi. Hadhira ikawa fanani. Wasichana wa Kapkatet walifanya vivyo hivyo kwa jina la Jimmie Rodgers.

Kwa mtahiniwa anayesoma makala haya, neno la tahadhari. Ukitaka kutumia wimbo wa E-Sir kama mfano katika jibu la fasihi simulizi, usiutaje jina tu ukaishia hapo. Taja utanzu, taja sifa, kisha onyesha sifa hiyo inavyojitokeza. "Hamnitishi ni majigambo kwa sababu nafsineni anajisifu mwenyewe kwa nafsi ya kwanza mbele ya wapinzani" ni hoja. "Kuna nyimbo za E-Sir" si hoja. Usinukuu beti usizozikumbuka barabara, na usiandike hata sentensi moja ya ufafanuzi kwa Sheng. Ukiwa huna hakika, rudi kwa Liyongo; hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kumtaja.

Kwa mwalimu, ninapendekeza swali hili kwa kidato cha tatu, muhula wa pili, baada ya mada ya maghani: "Tunga kivugo cha mishororo kumi na miwili ukijisifu kwa kazi unayoifanya nyumbani, kisha ueleze sifa tatu za vivugo zinazojitokeza katika utungo wako." Nimelitumia na wanafunzi waliozaliwa miaka kadhaa baada ya E-Sir kufariki, ambao nyimbo zake walizipata kwa kaka na shangazi zao. Wengi hujisifia kuchuma chai. Wanahesabu kilo, wanawakejeli jirani wenye mikono mizito, wanaitaja mvua ya mawe na karani wa mizani. Mwaka mmoja msichana mmoja alijisifu kwa kumshinda mama yake kwa kilo mbili asubuhi ya Jumamosi, akalighani mbele ya darasa huku akipiga dawati kwa viganja, mapigo manne kwa kila mshororo, na katika mishororo yote kumi na miwili "g" zake zilisikika "g" na "d" zake zikasikika "d".